X tatu na X nne: kisa cha kofia mbili za Stetson

Swali lilitoka Texas. Kijana wa Murang'a anayeishi kando ya Dallas alikuwa anajiandaa kurudi nyumbani kwa ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu. Katika orodha ya zawadi ambazo upande wa bwana harusi huwapelekea wazee siku hiyo, yaani koti, blanketi, fimbo na kofia, alikuwa ameshikilia kwamba kofia ya baba mkwe haitakuwa ya kubahatisha. Kwenye duka la vitu vya zamani akakuta Stetson mbili, kofia za kampuni ya Kimarekani, za felti, yaani manyoya yaliyokazwa bila kufumwa. Akazipiga picha nje na ndani, akanitumia, na chini yake akaandika: "Fundi, hii imepigwa chapa ya 3X Beaver, ile nyingine 4X Beaver. Ya X nne si ndiyo bora?"

Muuzaji alikuwa ameshamwambia kwamba ndiyo, na bei zilisema vivyo hivyo: ya X nne ilikaribia mara mbili ya mwenzake. Ilikuwa nyeusi, imesimama imara, ukingo mpana wa kichunga ng'ombe, mkanda wa ngozi wa ndani unaogusa paji la uso bado laini. Katikati ya bitana palikuwa na ile picha ya mchunga ng'ombe akimnywesha farasi wake maji kwa kofia, na muuzaji aliionyesha kama ushahidi wa ukongwe. Ya X tatu ilikuwa ya kijivu hafifu, ukingo wake mfupi zaidi umeshonewa utepe mwembamba pembeni. Ilikuwa na doa la jasho lililopenya mpaka nje, ngozi imepasuka upande wa nyuma, na kichwa kilikuwa kimebonyezwa ovyo na mtu asiyejua anachokifanya.

Nilimjibu: "Usilipe bado, ndugu yangu. Nipigie kwa video."

Kazi yangu hapa Nairobi ni kusafisha kofia za felti na kuzirudishia umbo. Swali la huyu kijana nimelisikia mara nyingi, kwa sababu hizi pama za felti hutoka kwenye mabelo ya mitumba zikiwa zimekunjwa na kulaliwa na makoti, na jibu linalotolewa sokoni ni moja: hesabu X, nyingi ndiyo bora. Kwa jibu hilo nimeona kofia za hali ya juu zikiachwa chini na watu wakiondoka na za kawaida, wakiwa wamelipa zaidi. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa urefu.

Tuanze na X zenyewe. Maelezo yaliyoenea kuliko yote ni kwamba kila X ni asilimia 10 ya manyoya ya biva, ndiye huyo Beaver wa kwenye chapa, yule mnyama wa mito ya Amerika ya Kaskazini anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Kwa hesabu hiyo 3X ina asilimia 30 ya biva, 4X ina 40, na 10X ni biva tupu. Maelezo haya yanavutia kwa kuwa yana tarakimu, na mtu akisikia tarakimu huona amepewa kitu cha kushika. Lakini tarakimu hizohizo ndizo zinazoyaangusha. Stetson inauza kofia iitwayo El Presidente yenye alama ya 100X, na nyingine iitwayo Diamante yenye 1000X. Kama X moja ni sehemu ya kumi ya biva, basi Diamante ingekuwa na biva mara mia kuliko inavyoweza kubeba felti yoyote.

Hakuna sheria iliyowahi kuwafunga watengenezaji wote wa kofia kwa maana moja ya X. Kila kampuni ilijipangia ngazi zake, ikaamua ya chini iitweje na ya juu iitweje, na ikazipangua upya biashara ilipobadilika. Kwa hiyo X ina maana, tena maana ya kweli, ila ndani ya mipaka miwili: kiwanda kimoja na kipindi kimoja. Kofia ya 7X na ya 3X zilizotoka Stetson mwaka mmoja, ya 7X ilikuwa na manyoya bora na ilifanyiwa kazi zaidi. Ukivuka mpaka wa kampuni, au ukivuka miaka thelathini, alama hizo hazisemeshani tena.

Sasa ziweke hizo mbili kwenye ngazi zake. Stetson ya miaka ya 1940 na 1950 iliuza kofia nyingi zisizo na X hata moja. Kofia nzuri ya mtu wa kawaida iliandikwa Royal Stetson, na baadaye Royal De Luxe, nayo ilikuwa felti ya manyoya ambayo leo ningeipokea kwa mikono miwili. 3X ilikaa juu ya hiyo. Mtu aliyeinunua alikuwa ameshapita kofia ambazo jirani zake walivaa Jumapili, akaongeza pesa. Juu yake kulikuwa na 7X, na pembeni kulikuwa na kofia zilizopewa jina la bei: Stetson Twenty-Five iliuzwa dola 25, na Stetson 100 dola 100, fedha nyingi mno kwa kofia katika siku zile. Dobbs, kampuni nyingine ya kofia ya Marekani, nao walikuwa na utaratibu huo wa kuiita kofia kwa bei yake. Mimi naupenda. Bei ya siku ile iliyopigwa chapa kwenye ngozi inaeleza nafasi ya kofia waziwazi kuliko X yoyote, na haiwezi kuongezwa baadaye bila mteja kuhisi mfukoni.

X ziliongezeka kwa sababu kuandika herufi ni rahisi kuliko kupata manyoya. Baada ya Vita Kuu ya Pili wanaume wa Marekani walianza kuvua kofia. Kufika miaka ya 1960 viwanda vilikuwa vinafungwa au kuuziana majina. Soko lililobaki na nguvu lilikuwa la kofia za kichunga ng'ombe, na huko kila kampuni ilitaka X zake zisipungue za mwenzake. Alama ya 4X, ambayo katika ngazi za zamani ingekuwa juu ya 3X, ikajikuta karibu na chini ya ngazi mpya, na siku hizi zipo kofia za 4X ambazo manyoya yake yamechanganywa na sufu. Hakuna aliyemdanganya mteja wa siku hizo, maana alikuwa na ngazi nzima mbele yake dukani na aliona mwenyewe kwamba 4X ndiyo ya bei nafuu. Anayepotea ni huyu wetu, anayekuta kofia za vipindi viwili zimewekwa rafu moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwomba kijana lilikuwa jina la mji, si idadi ya X. "Geuza ule mkanda wa ngozi nje, utafute kilichoandikwa na kilichobandikwa nyuma yake."

John B. Stetson alianzisha kampuni yake Philadelphia mwaka 1865, na hapo ndipo ilipokua mpaka, kufika mwaka 1915 hivi, ikawa na wafanyakazi zaidi ya 5,000 na kutoa kofia zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1971. Jina likakodishwa kwa kampuni ya Stevens huko St. Joseph, Missouri, na baadaye utengenezaji ukahamia Garland, Texas, mji ulio pembeni ya Dallas, mwendo mfupi wa gari kutoka duka alilokuwa amesimama kijana wetu. Mpangilio huo wa miji mitatu unatosha kuweka kofia nyingi za Stetson za Marekani kwenye kipindi chake. Nasema nyingi, kwa sababu Stetson zilitengenezwa pia Kanada, Brockville, Ontario, na hizo zina historia yake.

Jina la Philadelphia likiwa ndani ya nembo peke yake lisikutoshe. Kampuni hupenda kuonyesha ilikotoka, na nembo ya zamani inaweza kuchapwa kwenye bitana mpya kabisa. Picha ya farasi na mchunga ng'ombe nayo imetumika kwa miongo mingi, kwa hiyo haitofautishi kofia ya babu na ya mjukuu. Bitana kwa jumla ni shahidi dhaifu: hutolewa, hubadilishwa, hupotea. Shahidi mwenye nguvu ni karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya mkanda, mahali ambapo mvaaji hakuwa na sababu ya kupagusa.

Kijana aliigeuza ya X nne kwanza. Lebo yake ilikuwa safi na ilitaja Garland, Texas. Kwa maneno mengine, ilitengenezwa baada ya ngazi kupanguliwa. Halafu akaigeuza ya X tatu, polepole kama nilivyomwambia, kwa sababu ngozi iliyokauka hivyo huachia vipande. Chapa ya dhahabu ilisomeka John B. Stetson Company, Philadelphia, na jina la aina yenyewe, Open Road. Nyuma yake palikuwa na karatasi ya manjano yenye namba ya saizi, 7⅜, na namba nyingine za kiwanda za umbo na ukingo.

Open Road si kofia ya mchunga ng'ombe wala si ile ya mjini kabisa. Ilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, ina ukingo wa kadiri ulioshonewa pindo na utepe mwembamba kichwani, na mvaaji wake aliyejulikana zaidi ni Rais Lyndon B. Johnson, mtu wa Texas aliyeongoza Marekani kuanzia 1963 hadi 1969. Hapo nilipata hoja ambayo haihusiani na X hata kidogo. Mzee wa Murang'a anayevaa kofia ya felti na koti huivaa yenye ukingo wa kadiri, iliyobanwa kidogo kwa mbele. Kofia nyeusi yenye ukingo wa kichunga ng'ombe ingemkalia kama vazi la kuigiza. Ya kijivu ingeingia kwenye baraza la wazee bila mtu kugeuka kuitazama mara mbili kwa mshangao.

Lakini chapa bado ni maneno. Mkanda wa ngozi unaweza kutolewa kwenye kofia moja na kushonwa kwenye nyingine. Mafundi hufanya hivyo kwa nia njema kila siku, na wengine kwa nia mbaya. Nikamwomba kijana asogeze kamera kwenye mshono unaoshikilia mkanda kwenye felti. Ukiona safu mbili za matundu ya sindano, moja ikiwa na uzi na nyingine tupu, jua kuna mkanda uliowahi kutoka. Hapa palikuwa na safu moja tu, na rangi ya jasho kwenye ngozi ililingana na doa la kwenye felti, sentimita kwa sentimita. Mkanda na kofia vilizeeka pamoja.

Baada ya hapo ilibaki felti yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo kiini cha jambo kilipo. Kofia ni felti. Mengine yote yanabadilishika.

Felti haifumwi. Ni nywele zilizoshikana zenyewe. Unywele wa biva ukitazamwa kwa hadubini una magamba madogo yaliyolala kuelekea ncha. Nywele hizo zikiloweshwa maji ya moto na kusukwasukwa, magamba yananasana, na kadiri zinavyozidi kusogezwa ndivyo zinavyozidi kukazana, bila uzi wala gundi. Biva ana matabaka mawili ya manyoya: yale marefu magumu ya juu, ambayo mtengeneza kofia huyaondoa, na yale mafupi laini ya chini yanayomkinga na maji ya baridi kali. Haya ya chini ndiyo yanayotoa felti nyembamba, nyepesi, iliyoshikana kiasi kwamba mvua huteleza juu yake. Nutria, mnyama wa majini wa Amerika Kusini, anamfuata kwa karibu. Sungura wa mwituni ni mzuri. Sungura wa kufugwa ndiye wa bei nafuu na ndiye aliyejaza viwanda. Sufu ya kondoo iko mbali nao wote: kofia yake huwa nene, hulegea ikilowa, na hupungua ikikauka.

Kiwandani, manyoya yalipulizwa yakatua juu ya koni kubwa ya shaba yenye matundu, hewa ikivutwa kutoka ndani ili yashike, kisha yakamwagiwa maji ya moto. Kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa na tepetepe, kikubwa mara kadhaa kuliko kichwa cha mtu. Kikaviringishwa na kubanwa kwenye maji ya moto, tena na tena, mpaka kikabaki karibu theluthi ya ukubwa wake. Kofia ya bei ya chini iliachwa mapema. Ile ya daraja la juu iliendelea kukazwa, na baada ya hapo ikapigwa msasa laini mara nyingi mpaka uso wake ukashikika kama ngozi ya ndani ya mkono. Hivyo X za zamani zilikuwa bei ya vitu viwili: aina ya manyoya, na saa za kazi. Cha pili hakionekani kwenye tangazo lolote, lakini kidole hukijua papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayeshika kofia za zamani lazima alijue. Ili manyoya yashikane upesi, viwanda viliyapaka nitrati ya zebaki. Huko Danbury, Connecticut, mji ulioishi kwa kofia, wafanyakazi walitetemeka mikono na midomo kwa kuvuta mvuke wake kwa miaka, na kutetemeka huko kukapewa jina la mji. Marekani ilikomesha matumizi hayo mwaka 1941. Kofia ya kabla ya hapo inaweza kuwa na mabaki ya zebaki ndani ya felti mpaka leo. Kuivaa si kazi ya hatari kama ya wale walioitengeneza, ila kuipiga mvuke kwenye chumba kilichofungwa ni uzembe. Mimi hufungua madirisha yote, na watoto hawakai karibu. Najua mafundi wanaocheka jambo hili. Watu wa Danbury hawakucheka.

Tukarudi kwenye video. Nilimwomba kijana aipime kila kofia kwa kiganja, bila kuitazama, aseme ipi nyepesi. Akasema ya kijivu, tena kwa mshangao, maana kwa macho ilionekana imechoka. Kisha akabonyeza ukingo wa kila moja kwa kidole gumba na kuachia. Ule mweusi ulirudi kwa kishindo, mgumu. Ukingo wa ya kijivu ulilala kidogo kisha ukajirudia taratibu mpaka ukanyooka. Watu wengi husoma ugumu kama ubora. Ugumu wa kofia za kichunga ng'ombe mara nyingi hutoka kwenye shelaki, dawa ya kugandisha inayopakwa felti ili isimame. Inafaa kwa kazi na upepo wa Texas, lakini inaweza kusimamisha hata felti dhaifu, hivyo haikuelezi lolote kuhusu manyoya. Felti inayosimama kwa nguvu zake yenyewe hurudi bila kelele.

"Sasa washa tochi ya simu ndani ya kichwa cha kofia, uzime taa."

Hii ni kwa ajili ya nondo. Kiwavi wa nondo wa nguo hula uso wa felti na kuacha vijia vifupi, na hivyo msasa unaweza kuvipunguza. Lakini akitoboa mpaka upande wa pili, mwanga hupita kama nukta, na tundu la felti haliondoki bila kuacha alama. Ya kijivu ilikuwa na vijia viwili karibu na utepe, mwanga haukupita popote. Ya nyeusi ilikuwa salama kabisa.

Napenda kuitendea haki ile nyeusi. Haikuwa kofia mbaya. Ilikuwa felti ya manyoya, imeshonwa vizuri, iko tayari kuvaliwa siku hiyohiyo, na kwa mtu anayefanya kazi juani ningemwambia aichukue kwa bei ya chini. Kosa lilikuwa kwenye bei. Muuzaji alitoza X nne za kipindi kimoja kwa heshima ya X za kipindi kingine, na sidhani alikusudia kumwibia mtu. Alihesabu, kama wengi wanavyohesabu.

Tatizo lililobaki kwa ya kijivu lilikuwa saizi. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameshapima kwa siri kofia ya baba yake kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 59. Namba 7⅜ ya Kimarekani ni hizo 59. Namba za Kiingereza huwa pungufu kwa sehemu moja ya nane, kwa hiyo mtu akipata kofia ya London asitumie hesabu hiyohiyo. Lakini kijana alipopitisha futi ndani ya mkanda ilisoma 58. Karatasi haikusema uongo. Ngozi ilikauka na kujivuta, ikaivuta na felti. Ngozi ya namna hiyo ukiitanua kwa nguvu inachanika pale ilipopasuka tayari. Nikamwambia aende kwa muuzaji na mambo matatu ya kweli: doa, vijia vya nondo, na ngozi iliyokufa. Asiseme neno lolote kuhusu Philadelphia. Sioni dhambi hapo; muuzaji alikuwa na chapa ileile mbele ya macho yake. Alipunguziwa, akalipa, akaileta Nairobi mkononi ndani ya ndege, imepinduliwa, ikilalia kichwa cha kofia badala ya ukingo.

Nilipoishika nilijua kabla ya kufungua dirisha. Uso wake ulikuwa umefunikwa na vumbi la mafuta, lakini chini ya vumbi kidole kiliteleza. Nilitoa utepe, kisha mkanda, mshono kwa mshono. Sehemu ya felti iliyokuwa imefichwa nyuma ya mkanda ilibaki na rangi yake ya kwanza, kijivu chenye samawati kidogo, na hapo ndipo mtu anaweza kuona unene halisi, kwa kuwa ukingo wa Open Road umefunikwa pindo. Ilikuwa nyembamba kuliko felti nyingi mpya ninazoletewa, na sikuweza kuinyofoa hata unywele mmoja kwa kucha. Niliiosha kwa nafta uwanjani, mbali na moto, nikaiacha ipunge hewa, kisha nikaipiga mvuke na kuivuta juu ya kalibu ya mbao ya 59. Felti dhaifu ikipata mvuke hulegea na kuvutika kama kitambaa kilicholowa, na ukingo unaanza kucheza mawimbi. Hii ilikubali kuvutwa, ikashika kalibu, na ilipopoa ilibaki pale nilipoiweka. Doa halikuisha lote. Lilipungua mpaka likafichwa na utepe mpya.

Swali gumu la kazi yote lilikuwa mkanda. Chapa ya 3X, jina la Open Road, na Philadelphia vyote vilikuwa juu ya ile ngozi iliyopasuka. Ukiurudisha, kofia inabaki na hati yake lakini mzee hawezi kuivaa bila ngozi kumvunjikia kwenye paji la uso. Ukiweka mpya, anayevaa anastarehe lakini kofia inakuwa haina jina. Wakusanyaji wengi wangechagua la kwanza. Mimi sikusita, kwa sababu kofia hii ilinunuliwa ivaliwe. Nilishona mkanda mpya wa ngozi ya kondoo, nikaiacha ile karatasi ya manjano ya saizi mahali pake nyuma yake, na mkanda wa zamani nikautia mzima kwenye bahasha ya karatasi, ukae na boksi la kofia. Sikukata kipande chenye maandishi peke yake kama baadhi ya mafundi wanavyofanya. Matundu ya sindano, rangi ya jasho na urefu wake ni ushahidi unaothibitisha kwamba chapa ile ilitoka kwenye kofia ile, na ukibaki na herufi za dhahabu tu unakuwa na kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukiweka ndani ya kofia yoyote.

Kwa wenye kofia za majina mengine, njia ni hiyohiyo ingawa alama hutofautiana. Borsalino ya Alessandria, Italia, iliyoanzishwa na Giuseppe Borsalino mwaka 1857, haikupanda ngazi ya X za Kimarekani. Utakuta maneno kama Qualità Superiore, na mara nyingi Grand Prix Paris 1900. Mwaka huo ni wa tuzo kwenye maonyesho ya Paris. Kofia yenyewe inaweza kuwa ya miaka hamsini baadaye, na nimeshaona watu wakiiuza kama ya mwaka 1900 kwa sababu ya tarakimu hizo nne. Kwa kofia za Kimarekani kama Knox, Dobbs na Mallory, tazama nyuma ya mkanda kama kuna lebo ya chama cha wafanyakazi: United Hatters of North America kiliungana na wenzao wa kofia za kitambaa mwaka 1934, kikapata jina refu lenye maneno Cap and Millinery Workers, na jina hilo likadumu hadi 1983. Lebo hiyo haisemi lolote kuhusu ubora, ila inakuambia ni kipindi gani cha ngazi unachopaswa kusoma. Mallory nao walinunuliwa na Stetson mwaka 1946, kwa hiyo kofia mbili za jina hilo zinaweza kuwa za wenyewe wawili.

Nilimkabidhi kijana kofia ikiwa na kichwa cha mviringo, bila mkunjo wowote, kwa kuwa mkunjo ni wa mvaaji. Wiki chache baada ya ruracio mzee mwenyewe alipita kwangu akiwa na binti yake. Aliivaa, akaivua, akaizungusha ukingo kwa vidole pande zote kama mtu aliyeshika felti maisha yake yote, kisha akasema anataka mfereji mmoja katikati na mibano miwili ya mbele, isiwe mirefu. Nilichemsha birika. Felti ilipokea mkunjo mara ya kwanza, na alipoijaribu tena ilikaa 59 barabara.